Sauti Si Yake: Kisa cha Mwendeshaji Pampu na Fomu Isiyokuwa na Nafasi ya Alichokijua

Mahali, tarehe na majina vimeondolewa katika kisa hiki, na mambo madogo yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nilishiriki katika mapitio yaliyofanywa baada ya tukio, nikiwa mwezeshaji kutoka nje ya kituo. Nimekiandika kwa ajili ya wanaojiuliza swali la zamani la falsafa: kujua ni nini, na nani anahesabiwa kuwa anajua? Swali hilo huzungumzwa sana vyumba vya madarasa. Hapa liliulizwa kando ya pampu, na jibu lake likawaacha watu wengi bila maji.

Usuli

Kituo kinasukuma maji kutoka tangi la chini kwenda tangi la juu, na la juu ndilo linalohudumia wakazi. Kina pampu tatu za aina moja. Kwa kawaida mbili hufanya kazi na ya tatu hupumzika, lakini wakati wa kisa hiki pampu ya tatu ilikuwa imefunguliwa ikisubiri spea. Kwa hiyo kituo kilikuwa kinatembea bila akiba. Msomaji alishike hilo, kwa sababu bila hilo uamuzi uliokuja kufanyika utaonekana wa kipumbavu, na haukuwa wa kipumbavu.

Wahusika ni wanne. Wa kwanza ni mwendeshaji wa pampu aliyekaa kituoni zaidi ya miaka ishirini. Wote walimwita Mzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi. Anasoma na kuandika vizuri, ila huandika kwa ufupi. Wa pili ni injinia wa matengenezo, kijana mwenye shahada, mchapakazi, na mtu aliyemheshimu Mzee kwa dhati. Wa tatu ni msimamizi wa zamu. Wa nne ni mwendeshaji mwenzake Mzee, kijana aliyekuwa akijifunza kazi chini yake.

Zamani kituo kilikuwa na daftari la zamu. Humo kila mtu aliandika alivyoona inafaa: “Pampu 1 imeguna asubuhi, ikanyamaza.” “Maji ya leo yana mchanga.” Daftari liliondolewa na kuletwa fomu ya kujaza kwenye kishikwambi. Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa nzuri. Mwandiko wa daftari ulisumbua, mtu hakuweza kutafuta jambo la miezi mitatu nyuma, na uongozi haukuweza kulinganisha siku na siku. Fomu ilitaka joto la beringi (kipande kinachoshikilia mhimili wa pampu uzunguke kwa ulaini), shinikizo la maji, mkondo wa umeme, mtetemo na kiwango cha maji kwenye tangi. Mwishoni iliuliza hali ya pampu, ukachagua “kawaida” au “si kawaida”. Ukichagua “si kawaida”, ilikutaka utaje kipimo kilichovuka kiwango. Usipotaja, fomu inakataa kutumwa.

Mfululizo wa matukio

Siku ya kwanza Mzee alimwambia msimamizi wa zamu kwamba sauti ya pampu ya pili si yake. Hayo ndiyo maneno aliyotumia, na hakuyabadilisha mpaka mwisho: sauti si yake. Msimamizi akamwambia ajaze fomu. Vipimo vyote vilikuwa chini ya viwango. Mzee akachagua “si kawaida”, fomu ikamrudishia swali la kipimo. Akajaribu mara ya pili, ikakataa. Zamu ilikuwa inaisha. Akachagua “kawaida” akaituma.

Alirudia kwa mdomo siku ya tatu na ya tano. Siku ya tisa injinia alikuja mwenyewe, akiwa na kipima mtetemo cha mkononi. Akapima pale penye beringi mara kadhaa, akapata milimita 2.1 kwa sekunde. Kiwango cha tahadhari kituoni kilikuwa 4.5. Mzee akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kasha la beringi na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama mafundi wanavyofanya tangu zamani. Akasikiliza, akampa injinia.

“Usisikilize ngurumo,” alimwambia. “Ngurumo ni ya maji. Sikiliza chini yake, kuna kitu kinasaga.”

Injinia alisikiliza kwa muda, akabadilisha sikio, akasikiliza tena.

“Mzee wangu, mimi nasikia pampu tu.”

“Basi niamini mimi.”

“Nakuamini. Lakini nikisimamisha pampu, kwenye ripoti niandike nini?”

“Andika hivyo nilivyosema.”

Mazungumzo hayo wote wawili waliyasimulia kwenye mapitio, kila mmoja kwa wakati wake, na yalilingana karibu neno kwa neno. Nadhani yaliwakaa rohoni.

Siku ya kumi na moja yule mwendeshaji kijana alirekodi kwa simu sauti ya pampu ya pili, kisha ya kwanza, akisogeza simu kwenye kasha la beringi la kila moja. Alitaka kujifunza tofauti ambayo Mzee alikuwa akimwambia. Fomu haikuwa na mahali pa kuambatisha sauti. Rekodi ikabaki kwenye simu yake, na hakuna mkubwa aliyejua kwamba ipo.

Siku ya kumi na saba, usiku, beringi ya pampu ya pili ilikwama. Shafti, yaani mhimili unaozunguka, ikaumia, koplingi inayouunganisha na mota ikavunjika, mota ikakatwa na kinga ya umeme. Hakuna aliyejeruhiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ni ule wa injinia siku ya tisa: pampu ya pili iendelee, na ifunguliwe pale tu ya tatu itakapokuwa tayari. Alikuwa na sababu tatu. Vipimo vilikuwa salama. Hakukuwa na akiba, hivyo kusimamisha pampu ya pili kungepunguza maji kwa wakazi papo hapo, ilhali madhara ya kuiacha yalikuwa ya kukisia. Sababu ya tatu hakuitaja mpaka alipoulizwa: mwaka uliotangulia Mzee alisema beringi ya pampu ya kwanza imekufa, pampu ikafunguliwa, beringi ikakutwa nzima. Kazi ya zamu nzima ikapotea. Tangu hapo, alisema injinia, neno la Mzee lilikuwa na deni.

Uamuzi wa msimamizi wa zamu ulikuwa wa kutoupeleka mbele ujumbe uliokuja kwa mdomo. Utaratibu ulisema taarifa ni zile zilizo kwenye fomu, naye akafuata utaratibu.

Mzee naye alifanya uamuzi. Baada ya siku ya tisa aliacha kusema. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba alishasema.

Matokeo

Maji yalikatika kwa saa kumi kwenye maeneo ya juu na yakawa ya mgao kwa siku nne. Pampu ya tatu iliunganishwa tena haraka kwa spea ya kuazima. Gharama ya shafti mpya, koplingi na kazi ya mota ilizidi mara nyingi gharama ya kubadilisha beringi mapema.

Kulikuwa na tokeo jingine, na ndilo lililosababisha mapitio kuitishwa. Rasimu ya kwanza ya ripoti ya tukio, iliyotungwa kutokana na fomu za siku kumi na saba, ilikuwa na sentensi hii: “Hakukuwa na dalili za awali.” Mzee alipopewa asaini kama shahidi, alikataa. Hakupiga kelele, alirudisha karatasi tu. Mkuu wa kituo, kwa busara ambayo napenda kuitaja, hakumlazimisha. Aliuliza kwa nini.

Uchambuzi

Nianze na lile deni, kwa sababu nadhani ndilo kiini cha kisa chote. Wakati wa mapitio tulirudi kwenye kumbukumbu za mwaka uliotangulia. Tukakuta kwamba miezi miwili baada ya beringi ile “nzima” kufunguliwa, mafundi wengine walibadilisha valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la pampu hiyo hiyo, kwa sababu bamba lake lilikuwa limelegea na linagonga. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mzee alikuwa amesikia mgongano wa kweli, akakosea ulikotoka.

Maana yake ni kwamba taarifa yake ya mwaka uliotangulia ilikuwa na madai mawili ndani ya sentensi moja. La kwanza: kuna kitu kimebadilika. La pili: kilichobadilika ni beringi. La kwanza lilikuwa kweli na la pili lilikuwa kosa. Kituo kilipima la pili peke yake, kikaliona kosa, kikayatupa yote mawili, kisha kikamwandikia mtu huyo deni la kuaminika. Mwaka uliofuata Mzee, nadhani kwa tahadhari ya mtu aliyeumwa mara moja, alisema dai la kwanza tu: sauti si yake. Safari hii akaambiwa hasemi kitu kinachoeleweka. Yaani alipotaja chanzo alihukumiwa kwa chanzo, na alipoacha kukitaja akahukumiwa kwa kukosa chanzo. Sioni namna ambayo mtu aliyewekwa hivyo angeweza kusikika.

Wanaofundisha mantiki husisitiza kutenganisha kilichoonekana na tafsiri ya kilichoonekana, na mara nyingi husisitiza ili kumsahihisha mzungumzaji. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kazi hiyo ni ya msikilizaji pia, tena ya msikilizaji zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua nini kitupwe.

Sasa kipimo. Kwenye mapitio kulikuwa na mvuto wa kusema kwamba kipima mtetemo kilidanganya na sikio likasema kweli. Si hivyo. Kifaa kile hutoa jumla ya kasi ya mtetemo, kwa kawaida kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 10 na 1,000, na katika eneo hilo ni kizuri kwa kugundua shafti iliyopinda, mzigo usio na uwiano au nati zilizolegea. Ufa mdogo kwenye njia ya beringi huanza kujionyesha juu zaidi, kwenye maelfu ya hezi, ambako jumla ile ya kasi haigusi au inagusa kidogo sana. Sikio la binadamu lenye afya husikia toka takribani hezi 20 hadi 20,000, na ingawa uzee hupunguza sehemu ya juu, bado linabaki eneo pana ambalo kifaa hakikulihesabu. Kwa hiyo 2.1 ilikuwa kweli kabisa. Lilikuwa jibu sahihi la swali jingine. Injinia alilijua jambo hili. Alilisoma chuoni na alilieleza vizuri kuliko ninavyolieleza mimi. Lakini siku ile, mbele ya pampu, namba ilisimama kama jibu la swali lote, na hapakuwa na mtu wa kuuliza: namba hii inanyamaza kuhusu nini?

Hapa inafaa kukumbuka kwamba hata namba ni neno la mwingine. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa John Locke alishikilia kwamba maoni ya watu wengine yakielea kichwani mwetu hayatufanyi tujue zaidi hata chembe, hata yakitokea kuwa kweli. Ujuzi, kwake, ni ule ulioupata mwenyewe. Mwaka 1764 mwanafalsafa mwingine, Thomas Reid, alipinga mtazamo wa namna hiyo: binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kuamini anachoambiwa, na bila hivyo viwili mtoto asingejifunza chochote. Mimi niko upande wa Reid, na kisa hiki kimenizidishia. Injinia alidhani anachagua kati ya ushahidi na maneno ya mtu. Kwa hakika alikuwa anachagua kati ya maneno ya mtu mmoja na maneno ya watu wengi asiowaona: waliotengeneza kifaa, waliokisawazisha, walioweka 4.5 kuwa kiwango. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusimama karibu na pampu ile. Si kosa kuwaamini. Bila kuwaamini hakuna uhandisi. Kosa ni kusahau kwamba huko nako ni kuamini, na kwamba Mzee aliomba kitu cha aina ile ile ambacho kifaa kilikuwa kimekwisha kupewa bila kuomba.

Swali la injinia, “niandike nini?”, linastahili kukaliwa zaidi, kwa kuwa halikuwa kisingizio. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, anaweka pamoja mambo matatu ya kulinganisha kujua na kusema: mlima Mont Blanc una urefu wa mita ngapi, neno “mchezo” linatumikaje, na klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, inalia vipi. Anayedai kujua urefu wa mlima kisha ashindwe kuutaja tunamtilia shaka, na ni haki yetu. Anayejua klarineti inavyolia kisha ashindwe kuieleza hana kosa lolote. Fomu ya kituo iliuliza kila kitu kana kwamba kila ujuzi ni wa aina ya urefu wa mlima. Michael Polanyi, mwanasayansi aliyegeukia falsafa, alisema mwaka 1966 kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kueleza, na mfano wake ulikuwa sura ya mtu: unaitambua katikati ya maelfu, lakini ukitakiwa ueleze umeitambuaje, unakwama.

Hata hivyo ni hatari kuishia hapo. Ujuzi usioelezeka ni maneno yanayoweza kumlinda mjuzi na kumlinda mlaghai kwa usawa. Ikiwa Mzee anajua bila kuweza kueleza, tutamtofautishaje na anayedhani anajua? Kwenye mapitio mmoja wa waendeshaji alisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, lakini haitoshi: wapo waliolala kitanda miaka mingi na bado wakakosea mahali kunguni walipo. Bamba la valvu linatukumbusha hivyo.

Jibu, naona, lilikuwa kwenye simu ya yule kijana. Siku ya pili ya mapitio alitaja rekodi zake kama jambo dogo. Tukaomba atuchezee. Akacheza ya pampu ya pili peke yake. Mimi na mhasibu aliyekuwepo tulisikia mashine tu, kama injinia. Kisha akacheza ya pampu ya kwanza, halafu akarudi kwenye ya pili. Chumba kizima kilisikia. Kulikuwa na msago mwembamba chini ya ngurumo, kama Mzee alivyosema. Injinia aliomba irudiwe, akaegemeza kichwa mkononi.

Pampu ya kwanza, ya aina ile ile, ilikuwa ikifanya kazi hatua chache kutoka ya pili siku ya tisa. Hakuna aliyehamisha bisibisi. Wala Mzee hakufanya hivyo, kwa sababu yeye hakuhitaji: pampu ya kulinganisha alikuwa nayo kichwani, ya jana na ya mwaka jana. Alisahau kwamba mwenzake hana. Asiyeweza kueleza klarineti inavyolia anaweza kuipiga, na ukiipiga baada ya zumari hata asiye mwanamuziki atasikia kwamba ni vitu viwili. Ujuzi ambao hauingii kwenye maelezo unaweza kuingia kwenye onyesho. Kinachomtofautisha Mzee na mlaghai ni kwamba sikio lake linaweza kufundisha sikio jingine, na tayari lilikuwa limeshamfundisha kijana mmoja.

Je, Mzee alidhulumiwa? Mwanafalsafa Miranda Fricker, mwaka 2007, alitenganisha aina mbili za dhuluma katika mambo ya maarifa. Moja ni pale msemaji anapopunguziwa imani kwa sababu ya chuki au dharau iliyojengeka dhidi ya watu wa aina yake. Nyingine ni pale jamii inapokosa dhana za pamoja za kulielewa jambo linalompata mtu, hata yeye mwenyewe akashindwa kulisema. Kwenye mapitio baadhi walitaka kukiweka kisa hiki kwenye aina ya kwanza: mtu wa elimu ndogo kapuuzwa na msomi. Sikukubali, na bado sikubali. Injinia alikuja na kifaa, alisikiliza kwa bisibisi, alisema waziwazi kwamba haisikii. Huko siko kudharau. Kisa hiki kiko karibu zaidi na aina ya pili, lakini si sawasawa nayo, kwa kuwa maneno yalikuwepo. Daftari la zamani lilikuwa limejaa kuguna, kukwaruza, kusaga, kuvuma. Waendeshaji walielewana. Kituo kilikuwa na lugha hiyo kisha kikaifungia mlango, bila nia mbaya, kwa kutafuta mpangilio. Ningependa wanafalsafa waliangalie jambo hili zaidi: pengo ambalo halikuwepo, likatengenezwa na chombo kilicholetwa kuboresha.

Jambo la mzigo wa kuthibitisha lina mfano mkubwa unaojulikana. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga cha Challenger walipendekeza kisirushwe kwa sababu ya baridi kali, wakihofia pete za mpira za kuzibia maungio. Mmoja wao, Roger Boisjoly, aliulizwa aweke hofu yake kwenye tarakimu. Baadaye aliieleza tume ya uchunguzi kwamba hakuweza, hakuwa na data ya kutosha. Alichojua ni kwamba hali inazidi kuelekea ubaya. Pendekezo likageuzwa. Kesho yake chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Kilichotokea kituoni ni kidogo sana ukilinganisha, na sitaki kukikuza. Ila umbo la mazungumzo ni lile lile. Badala ya anayetaka kuendelea kutakiwa aonyeshe kwamba ni salama, anayesita ndiye anayetakiwa athibitishe hatari, tena kwa lugha ya tarakimu ambayo jambo lenyewe bado halijaifikia.

Sasa ile sentensi ya rasimu: “Hakukuwa na dalili za awali.” Aliyeiandika hakuwa mwongo. Alisoma fomu kumi na saba, zote zimeandikwa “kawaida”, akatoa hitimisho ambalo yeyote angelitoa. Lakini tazama njia iliyopita. Fomu ilimlazimisha Mzee achague “kawaida” kwa sababu haikuwa na njia nyingine ya kupokea alichokijua. Kisha “kawaida” hiyo hiyo, yenye jina lake chini, ikatumika kama ushahidi kwamba hakujua. Sahihi yake ikawa shahidi dhidi ya kauli yake. Kama asingeirudisha karatasi, miaka mitano baadaye mtu angesoma kumbukumbu na kujifunza kwamba beringi hukwama bila dalili, na angepanga kazi kwa kufuata somo hilo. Ndivyo taasisi zinavyopata ujinga ulioandikwa vizuri.

Kilichofanya kazi ni kidogo lakini kina uzito: injinia kufika mwenyewe, kijana kurekodi, Mzee kukataa kusaini, mkuu wa kituo kuuliza badala ya kuamuru. Kilichoshindwa ni fomu, na msimamizi aliyechukulia kwamba kisichokuwa kwenye fomu hakijasemwa. Na Mzee, kwa heshima yote, alishindwa pale aliponyamaza baada ya siku ya tisa. Naelewa uchungu wake. Lakini “nilishasema” ni kauli ya mtu anayeilinda nafsi yake, na maji yalikuwa ya watu wengi. Alipoelezwa hivyo na mwendeshaji mwenzake wa rika lake, si na sisi wa nje, alikubali kwa neno moja: “Kweli.”

Mabadiliko yaliyofuata

Fomu ilibadilishwa kwa njia mbili. Swali la hali ya pampu sasa linasema: “Je, pampu leo inafanana na jana?” na ukijibu hapana huhitaji kutaja kipimo wala chanzo. Chini yake kuna nafasi ya maelezo huru na ya kuambatisha sauti. Waendeshaji walikaa pamoja na injinia wakaandaa orodha fupi ya milio, kila mmoja na rekodi yake: kusaga, kugonga, kuvuma, kupiga mluzi, na “changarawe”, jina ambalo wao huupa mlio wa pampu inayokosa maji ya kutosha upande wa kuvuta, ambapo mapovu ya mvuke hupasuka ndani yake. Kwenye kikao hicho iligundulika kwamba waendeshaji wawili walikuwa wakitumia “kukwaruza” kwa milio miwili tofauti, kila mmoja akidhani wenzake wanamwelewa. Neno hilo waliliacha nje ya orodha.

Mafanikio si kamili. Taarifa za “haifanani na jana” ziliongezeka haraka, nyingine zikiwa za kitu kisichopatikana, na injinia analalamika, kwa haki, kwamba muda wake unaisha kwa kufuatilia sauti. Upande wa pili, baadhi ya zamu zimeanza kujibu “inafanana” bila kusikiliza. Ripoti ya mwisho ya tukio iliandikwa upya: sentensi ya dalili iliondolewa, badala yake ikawekwa kwamba mabadiliko ya sauti yaliripotiwa kwa mdomo siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya tisa, na kwamba mfumo haukuwa na nafasi ya kuyapokea. Mzee alisaini hiyo.

Swali moja halikuamuliwa. Mzee alipendekeza kwamba waendeshaji wawili wakikubaliana kuwa sauti imebadilika, wawe na mamlaka ya kusimamisha pampu bila kusubiri kipimo. Injinia alikubali kwa sharti kwamba kuwe na pampu ya akiba inayofanya kazi. Mzee akasema siku pampu ya akiba haipo ndiyo siku mamlaka hayo yanahitajika zaidi. Mkuu wa kituo aliahirisha uamuzi, na mpaka mapitio yanafungwa pande zote mbili zilikuwa bado zinashikilia zilichosema.